Ushauri kwa Wino Mwekundu

Ildephonse alikuwa anatafuta permit yake ya kuishi nchini kwenye sanduku la nguo alipolikuta lile daftari. Lilikuwa chini kabisa, chini ya nguo za mtoto, limefungwa ndani ya kipande cha kitenge. Alilitoa, akakaa kitandani, akaliacha lifunguke lenyewe.

Hakukijua Kiitalia. Lakini alikuwa amefundisha Kifaransa miaka tisa Bujumbura, na lugha hizo mbili zimefanana sura. Akisoma polepole, kwa midomo, maneno yalikuwa yanajileta. Mwandiko haukuwa wa mke wake, Epiphanie. Ulikuwa mwandiko wa mwanaume, umelala upande mmoja, wa wino mwekundu.

*Dovresti riposare, lavori troppo.* Inafaa upumzike, unafanya kazi mno.

*Ti consiglio il vestito azzurro.* Nakushauri gauni la bluu.

*Perché non andiamo al mare domenica?* Kwa nini tusiende baharini Jumapili?

Na chini yake, imepigwa mstari: *Lascialo, non vale la pena.* Hii aliisoma mara tatu, akitumaini kwamba safari hii Kifaransa kinamdanganya. Hakikumdanganya. Mwache huyo, hastahili kukusumbua. Kisha neno moja kubwa pembeni, la sifa: *Bravissima!*

Epiphanie alikuwa na gauni la bluu. Moja tu.

"Baba Laetitia, permit umeipata?" Kidawa aliuliza kutoka upande wa pili wa pazia. Chumba kile cha mtaa wa Albert Park walikuwa wamekigawa kwa pazia na mama huyo Mtanzania, fundi cherehani, ambaye ndiye alikuwa akikaa na mtoto wao mchana.

"Bado," alisema Ildephonse. "Mwalimu wa Kiitalia wa mke wangu, wewe umewahi kumwona?"

"Yule Honoré wa duka la simu? Namwona kanisani kwenu nikipita. Mpole mpole hivi."

"Mpole," alisema Ildephonse.

Yeye pia alimjua kwa mbali. Mkongomani wa Bukavu, amekaa seminari Roma miaka minne, akaiacha kabla ya kupewa upadre. Mtu haachi upadre hivihivi, Ildephonse aliwaza. Anaacha kwa sababu, na sababu yenyewe kila mtu anaijua.

Epiphanie alirudi saa kumi na moja, vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni. Alikuwa anaosha vyombo kwenye mgahawa wa Waitalia kule Overport, mwezi wa nane sasa. Alimbeba Laetitia, akambusu shingoni, na kabla hajakaa habari ikamtoka.

"Signora ameniita leo. Yule mhudumu anayejua Kiitalia ameondoka. Ameniambia Ijumaa nitoke jikoni, nijaribiwe kwenye meza. Ijumaa ndiyo wanakuja maofisa wa meli. Nikiweza, kazi ni yangu."

Alisubiri uso wa mumewe ufunguke. Haukufunguka. Alikuwa ameliweka daftari gotini kama wakaguzi wa shule walivyokuwa wakiweka daftari lake zamani.

"Honoré anakuandikia nini humu?"

"Masomo."

"Masomo ya kumwacha nani?"

Epiphanie aliangalia ukurasa, na hapo akafanya kosa. Alicheka. "Ah, hilo. Hilo ni somo la kushauri. Rafiki yako ana shida, unamshauri. Mimi nilichelewa kazini, sikulikuta ubaoni, ndiyo akaniandikia."

"Miaka tisa nimefundisha, mama. Somo la kushauri nimelifundisha madarasa mangapi. Mifano yangu ilikuwa ya mkulima na mbolea. Sijawahi kumwandikia mke wa mtu nguo ya kuvaa."

"Lakini si mimi. Ni mtu wa kwenye mfano."

"Na mtu wa kwenye mfano anaenda baharini na nani Jumapili?"

"Baba Laetitia."

"Kama ni somo, kwa nini ulilificha?"

Swali hili lilimkuta Epiphanie akimvua mtoto viatu. Alivua kimoja, akavua cha pili, akavipanga.

"Kwa sababu nilikuona," alisema. "Siku ile nilipomwambia Laetitia buonanotte akilala. Ulinitazama kama niliyekuibia kitu. Mimi nimeishia darasa la sita, wewe ni Mwalimu. Nikisema neno ambalo hukunifundisha wewe, nyumba nzima inakuwa kimya. Sasa nikasema, basi daftari nilifiche, nikishajua nitakuonyesha."

Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli ilimchoma kuliko ambavyo uongo ungemchoma. Mchana kutwa alikuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki kwenye lango la yadi ya malori kule Clairwood, akiandika namba za magari yanayoingia na yanayotoka. Vijana wa Kizulu pale walimwita Prof kwa sababu alisoma magazeti ya juzi. Usomi ndio mali pekee aliyovuka nayo mipaka, na sasa hata ndani ya chumba chake mwenyewe kulikuwa na msomi mwingine.

Aliwasha jiko la mafuta ya taa. Alichana kurasa za wino mwekundu, zote nne, akazichoma moja moja, akisubiri moja iishe ndipo alete nyingine. Epiphanie hakumzuia. Alimgeuza mtoto aangalie ukutani.

"Ijumaa huendi," alisema Ildephonse.

Pazia lilisogea. "Jamani, moshi," Kidawa alisema. "Humu kuna mtoto, na mimi nina gauni la harusi la watu." Aliona nyuso zao, akalirudisha pazia polepole.

Kwenye mgahawa wa Signora hapakuwa na kawaida ya kumpa mteja karatasi ya vyakula na kumwacha. Karatasi ilikuwepo, lakini wageni wake wa zamani hawakuifungua. Waliuliza: leo unanishauri nini? Na mhudumu alipaswa kujibu hapohapo, kwa kinywa chake, kama ndugu anayemwambia ndugu, kula hiki, kile achana nacho. Signora aliamini kwamba mgahawa ni mahali ambapo mtu mwingine anakuamulia, na kwamba watu wanalipia hiyo.

Jumanne, kabla ya mchana, Signora alijikalisha kwenye meza tupu, mwanamke wa miaka sabini mwenye pete tatu, akamwita Epiphanie kutoka kwenye sinki.

"Mimi ni mteja. Nina njaa, nimechoka, nimetoka baharini. Unanishauri nini?"

Epiphanie alisimama na aproni yake yenye maji. Samaki wa siku ile alimjua, alimwona akifika na barafu yake. Mchuzi wa nyanya aliujua kwa kuulamba kwenye kijiko kabla ya kukiosha. Lakini maneno yalikuwa yameungua jana, na hata yangekuwepo, kulikuwa na kizuizi kingine. Kwao, mtu mzima haambiwi ale nini. Mgeni mwenye mvi unamwekea vyote mbele, unarudi nyuma, unaangalia chini. Kumwambia chukua hiki usichukue kile ni utovu wa adabu, mama yake angempiga kofi.

"Chochote utakachopenda, Signora," alisema, kwa Kiingereza.

Wahudumu wawili waliokuwa wanapanga glasi walicheka, si kwa ubaya, lakini walicheka.

Signora alisimama. "Chochote ninakipata nyumbani kwangu. Rudi kwenye masufuria. Ijumaa nikikuuliza tena ukaniambia chochote, nitamchukua msichana mwingine, na sitakuuliza mara ya tatu."

Jioni ile Epiphanie hakumwambia mumewe. Alipika, akala, akalala akiangalia upande wa mtoto. Ildephonse alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na ugomvi haukuja. Mtu ambaye hana la kukuambia, aliwaza, ana mwingine wa kumwambia.

Jumatano ilikuwa siku ya darasa. Ildephonse aliomba ruhusa yadini nusu saa mapema, akapanda taxi mbili, akafika kwenye ukumbi wa parokia saa kumi na mbili kasoro. Alikuwa amejipangia cha kufanya. Angesimama mlangoni, angewakuta wawili vichwa karibu juu ya daftari, hangesema kitu. Angemtazama mwanaume yule hadi yeye mwenyewe ainuke.

Alichokikuta mlangoni ni sauti za watu wengi.

"Lascialo," ilisema sauti ya Honoré.

"Lascialo," waliitikia watu kumi na mmoja.

"Non vale la pena."

"Non vale la pena."

Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya watoto wa mafundisho ya dini, magoti yamewafika kifuani. Kulikuwa na kinyozi, kulikuwa na vijana wawili waliokuwa wanaotea kazi melini, na mstari wa mbele mama mnene aitwaye Colette, muuza vitenge, alikuwa ameinua mkono.

"Mwalimu, huyo anayeachwa amefanya nini?"

"Mama Colette, hakuna mtu. Ni exemple."

"Hata exemple iko na sababu. Siwezi kumushauri mwenzangu aache bwana bila kujua. Pengine bwana iko mzuri, ni yeye ndiyo mbaya."

Darasa lilicheka. Ubaoni, kwa mwandiko uleule uliolala upande, yalikuwepo yote: kupumzika, gauni la bluu, bahari Jumapili. Upande wa kulia wa ubao kulikuwa na nusu ambayo Ildephonse hakuwahi kuifikia, kwa sababu alianza kuchana kabla ya kufunua kurasa za mbele. Hiyo ilikuwa ya samaki, mvinyo, mkate, na jinsi ya kumwambia mgeni wa heshima achukue kipi.

Aliangalia darasa zima benchi kwa benchi. Epiphanie hakuwemo.

"Prof," Honoré alimwona. Alikuwa mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa plasta sikioni. "Karibu. Mama Laetitia alitumaga neno, alisema hatakuya tena. Iko mgonjwa?"

Watu kumi na mmoja waligeuka. Ildephonse aliona kwamba wote walikuwa wanamjua mke wake, kwamba kila mmoja wao alikuwa amemsikia akisema maneno ambayo yeye mumewe hakuwahi kumsikia akiyasema. Wivu haukumtoka. Ulibadilisha tu mahali pa kukaa.

"Si mgonjwa," alisema. "Ana kazi. Amenituma nichukue somo."

"Lile nilimwandikia. Kurasa mine."

"Zimeharibika."

Honoré alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Huenda alielewa, huenda hakuelewa. "Iko nafasi pale kwa Mama Colette," alisema.

Colette alisogea, benchi likalia. Ildephonse alikaa, magoti yakampanda kifuani kama ya wengine. Hakuwa na daftari. Colette alimchania karatasi kwenye lake, akampa na kalamu ya bic aliyokuwa ameitia kwenye nywele. Alinakili kuanzia juu kushoto. Katikati ya kazi Honoré alipita nyuma yake, akainama, akaweka kidole.

"Hapa umeruka mustari, Prof."

"Nimeona."

"Tena hapa umeandika Kifaransa."

Ildephonse alikata, akaandika upya. Masikio yalimwaka moto. Mara ya mwisho mtu kumsahihisha mbele ya watu alikuwa na miaka kumi na minne.

"Usijali, papa," Colette alimnong'oneza. "Bibi yako ndiye alikuwaga wa kwanza hapa. Wewe utazoea tu."

Epiphanie alikuwa anakunja nepi mumewe alipomwekea karatasi mezani. Aliitazama bila kuigusa. Mwandiko aliujua: wima, safi, kila herufi imesimama peke yake, mwandiko wa kwenye ubao wa Bujumbura.

"Umeenda kumpiga?"

"Nilienda."

"Na?"

"Kuna mama mmoja pale anazungumza sana."

Kidogo tu kona ya mdomo wa Epiphanie ilicheza, kisha ikatulia. "Jumanne Signora aliniuliza, nikasema chochote," alisema. "Walinicheka. Nilikuwa nimesimama pale nakuchukia wewe, na nilikuwa sina hata neno moja la kukuchukia nalo."

Ildephonse hakuwa mtu wa kuomba msamaha. Darasani mwalimu akikosea anafuta ubao. Alivuta kiti katikati ya chumba, akakaa, akanyoosha shati.

"Mimi ni mteja," alisema. "Nile nini?"

"Sitaki mchezo."

"Kesho kutwa ni Ijumaa. Nile nini?"

Epiphanie alisoma kutoka kwenye karatasi, macho chini, sauti ya kusali. *Le consiglio il pesce.* Nakushauri samaki.

"Sitaki samaki. Samaki wananiletea vipele."

"Basi, chochote..."

"Hapana. Chochote si jibu. Wewe ndiye uliyeona chakula, mimi nimetoka nje sijui kitu. Ukiniachia mimi nichague, umenionea aibu tu, hujanihudumia."

"Wewe ni mume wangu, nitakuamrishaje?"

"Mimi ni mteja."

"Tena mteja mwenye kisirani," Kidawa alisema nyuma ya pazia. "Mpe ugali na dagaa, alale."

Walirudia. Mara ya tano Epiphanie aliweka karatasi chini. Mara ya nane alimtazama machoni, akaegemeza mkono kwenye mgongo wa kiti chake, akamwambia, kwa Kiitalia, kwa sauti ya chini isiyo na haraka, aache nyama leo, achukue supu ya maharage, na asile mkate mwingi kabla. Hakuna sentensi hata moja kati ya hizo iliyotoka kwenye karatasi kama ilivyoandikwa. Alizishona mwenyewe.

Ildephonse alihisi damu ikimpanda. Hivyo ndivyo atakavyoegemea viti vya wanaume wengine. Sauti hiyo hiyo, mkono huo huo.

"Je?" aliuliza Epiphanie.

"Mkono usiweke kwenye kiti," alisema.

"Ndio mkono ulionipa nguvu."

Ildephonse aligeukia ukuta. "Basi uweke," alisema.

Ijumaa Ildephonse alitoka Clairwood, hakwenda nyumbani. Alijiambia kwamba anapita Overport kununua maziwa ya mtoto, ingawa maziwa yaliuzwa chini ya ghorofa yao. Jua lilikuwa bado halijazama. Mgahawa ulikuwa na dirisha pana la kioo, na ng'ambo ya barabara palikuwa na ukuta mfupi. Aliuegemea.

Alimwona mara moja. Shati jeupe la kuazima, limemzidi mabega. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya wazee wawili, mikono nyuma. Mzee alisema kitu. Epiphanie hakujibu. Ildephonse alijikuta anasogeza midomo. Kule ndani Signora alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, mikono yenye pete imefungana tumboni. Mzee alichukua karatasi ya vyakula mwenyewe, akaanza kuisoma, na Signora akatikisa kichwa.

"Vieux, mzee." Kijana wa kizibao cha manjano alimsogelea, Ruphin, Mkongomani, mlinzi wa magari ya mtaa ule. "Hapa iko place yangu. Kama unatafuta magari, nenda kwenye robot ingine kule mbele, kule taa nyekundu, haina mtu."

"Sitafuti magari."

"Sasa unasimama hapa juu ya nini?"

Mume aliyekuja kumchunga mke wake. Hilo si jambo la kumwambia kijana. Kabla hajatunga lingine, gari jeupe lilisimama mbele yao, wakashuka wanaume watatu wenye mashati meupe ya ubaharia, mabega yana mistari ya dhahabu. Wazuri, walionyolewa vizuri, wanacheka. Mmoja wao, mrefu, aliangalia mlango wa mgahawa, akaangalia mlango wa baa iliyokuwa jirani yake, akawageukia wale weusi wawili waliosimama ukutani.

"Si mangia bene, qui?"

Ruphin aliinua mabega. Ildephonse alielewa. Anauliza kama hapa wanakula vizuri.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kuelekeza baa. Watu hawa watatu wangeingia kule, wangekunywa bia, na meza ya mke wake isingeguswa na mtu kama huyu, mrefu, mwenye meno kama yale. Kesho Epiphanie angekuwa kwenye sinki. Angerudi nyumbani saa kumi na moja, vidole vimekunjamana, hana siri wala sauti mpya. Aliliona jambo hilo lote, likiwa rahisi, likiwa mkononi mwake, na alilitamani.

"Ndani," alisema. Alianza kwa Kiitalia alichokinakili, kikamwishia njiani, akamalizia kwa Kifaransa, polepole, kama anayeamrisha imla. "Msikae meza nyingine. Mwombeni Epiphanie. Karatasi msiifungue. Muulizeni yeye, na mle atakachowaambia."

"Epifania," alisema yule mrefu, akilionja jina. "Ni mzuri?"

Ildephonse aliangalia dirisha. "Ndiye mzuri kuliko wote," alisema.

Walicheka, wakamshukuru. Yule mrefu akamtia sarafu mkononi, ya kulinda gari. Ildephonse aliitazama, kisha akampa Ruphin, maana mtaa ulikuwa wa Ruphin.

"Eish, vieux," alisema Ruphin. "Wanakulipa ushauri?"

Kule ndani watatu walisimama mlangoni, yule mrefu akasema jambo kwa sauti. Epiphanie aliinua kichwa kwa ghafla, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye mji asikojulikana. Signora naye aligeuka. Epiphanie aliwafuata hadi meza ya katikati, akawavutia viti. Yule mrefu aliiweka pembeni ile karatasi ya vyakula bila kuifungua, akamwinulia uso, akasubiri.

Epiphanie alitazama kwanza dirishani, akitafuta ni nani huko nje anayemjua.

Ildephonse aliinama nyuma ya gari jeupe. Alibaki amechutama hapo kando ya gurudumu, Ruphin akimshangaa, na alipoinua tena macho, kidogo tu juu ya boneti, mkono wa mke wake ulikuwa umekwishafika kwenye mgongo wa kiti cha yule mwanaume na mdomo wake ulikuwa unasema. Hakusikia kitu. Alikaza macho kwenye midomo ile, moyo ukimuuma, ajue amewaamulia nini.